Vinkubala, uyoga na munkoyo: banda la mama mmoja kwenye barabara ya Kasapa

Tangu mvua zianze Novemba nimekula katika banda hili mara tisa, mara mbili nikiwa na wanafunzi wangu. Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na sijaona mahali pengine mjini ambapo mtoto anaweza kukaa mezani saa sita mchana na kuinuka saa nane akiwa ameshiba na amejua ni mti gani uliomlisha. Mwenye banda ameniomba nisitaje jina lake, basi nitamwita mama, kama wateja wake wote.

Kufika si kazi. Ukitoka mjini kuelekea Chuo Kikuu, teremka kabla hujafika chuoni, utaona mabati ya kijani, mwembe mkubwa na mbabula nne, yaani majiko ya makaa, zimepangwa mstari. Meza ni tano, mabenchi ya mbao, sahani za bati. Maji ya kunawa ni ya moto na sabuni ipo. Hilo nililitazama kabla ya chakula. Hakuna orodha ya vyakula ukutani. Unauliza leo kuna nini, na jibu linafuata mwezi.

Nianze na vinkubala, viwavi wa porini wanaoliwa, kwa sababu ndivyo vinavyowaleta watu wengi. Mama huvinunua vikavu, kwa gunia, kwa wanawake wanaotoka vijijini upande wa Kasenga. Huviloweka usiku kucha, asubuhi huvichemsha na chumvi, kisha huvikaanga kwa kitunguu na nyanya mpaka mchuzi ukauke na ngozi ianze kulia kati ya meno. Ndani hubaki laini, na ladha yake iko kati ya karanga na samaki mkavu. Bukari yake, yaani ugali, ni ya mahindi, imesongwa ikasongeka, haina donge hata moja. Sahani inashibisha mtu mzima mpaka jioni, na si ajabu: kinkubala kikavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini.

Siku ya kwanza nilipopeleka darasa walikuwa wanafunzi 18. Msichana mmoja aliyekulia katikati ya jiji aliisukuma sahani mbali. Mama hakumlazimisha wala hakumcheka. Alikwenda kwenye gunia, akarudi na vinkubala vikavu mkononi, akaweka kimoja kimoja mbele ya kila mtoto. «Batoto, musiogope, ni nyama tu hii. Muhesabu miguu.»

Wakahesabu. Daftarini mwao wameandika kwamba mdudu ana miguu sita, na mimi ndiye niliyewaandikisha. Hapa walipata kumi na sita. Ubishi ukazuka meza nzima, nami nikauacha uchemke kwanza. Kisha nikawaambia wageuze tumbo juu, watazame kwa karibu. Jozi tatu za mbele, chini ya kichwa, ni ndogo, ngumu, zimechongoka kama kucha ya paka. Hiyo ndiyo miguu halisi, na ndiyo atakayobaki nayo akigeuka nondo. Jozi tano za nyuma ni vifundo vya nyama tu, na kila kifundo kina safu ya vijindoano vya kushikia tawi. Yule msichana alipitisha ukucha juu ya kifundo kimoja, polepole. «Madamu, kinakwaruza.» Siku hiyo hakula. Lakini alikifunga kile kinkubala katika kipande cha karatasi akaenda nacho nyumbani, na wiki iliyofuata alinijia na swali: kama nondo mkubwa wa vinkubala hana mdomo wa kulia, anaishi kwa nini?

Swali hilo ndilo mlango wa somo zima. Nondo hawa kweli hawali. Wanaishi siku chache, wanatafutana, wanataga, wanakufa. Nguvu yote waliyo nayo waliikusanya walipokuwa viwavi, kwa kutafuna majani ya mutondo, ya muombo na miti mingine ya jamii hiyo. Kiwavi akishakomaa hushuka mtini, hujichimbia ardhini, na humo hungoja kiangazi chote mpaka mvua ya kwanza imwamshe. Kwa hiyo anayetaka vinkubala anahitaji vitu viwili vibaki salama: majani juu na udongo chini. Moto unaowashwa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, hupita chini ukazimika. Moto wa Septemba na Oktoba hupanda mpaka kwenye majani machanga, wakati uleule ambao miti inajiandaa kupokea mayai. Wazee wa vijijini walilijua hili bila kitabu, na mama amelirithi kwao. Anawauliza wanawake wanaomletea mizigo kama pori lao liliungua mwaka huu na liliungua lini, jinsi mwingine anavyouliza kama samaki ni wa leo au wa jana.

Anauliza pia jambo zito zaidi. Wako wachumaji wanaoangusha mti mzima kwa shoka ili wawapate viwavi wa matawi ya juu. Mti uliochukua miaka mingi kukua unaondoka kwa ndoo mbili za vinkubala. Mama anasema mzigo wa namna hiyo anautambua kwa macho: «Aliyekata mti analeta wakubwa na wadogo pamoja. Aliyengoja analeta waliokomaa.» Mzigo wenye mchanganyiko haununui. Nimemwona kwa macho yangu akimrudisha kijana mmoja wa baiskeli, kwa adabu, baada ya kumimina viganja vitatu kwenye ungo na kuvipanga kwa ukubwa.

Kasoro moja niliyoikuta kwenye vinkubala niiseme. Mara ya tatu nilipokwenda nilisaga mchanga mdomoni toka tonge la kwanza. Huo hutokana na kuanika chini, juu ya udongo mtupu, na kuloweka peke yake hakuutoi. Mama alionja mwenyewe, akaiondoa sahani bila neno, akaniletea uyoga badala yake na hakudai hata franka moja. Siku hizi anaviosha maji matatu, na tangu hapo sijaukuta tena. Lakini ukienda na mtoto mdogo au mzee mwenye meno mabovu, onja wewe kwanza.

Uyoga ndio unaonirudisha mimi. Kuanzia Desemba mpaka Machi mama hupika aina nne au tano kwa zamu, karibu zote kwa unga wa karanga na chumvi, bila viungo vingine. Naupenda ule mdogo wa manjano wenye mikunjo chini ya kofia badala ya vibamba vyembamba. Una harufu inayokaribia ile ya tunda, na ukiiva hauteleziteleza. Ndelema ni mnene na mtamu, lakini ndio unaonitia wasiwasi nikiuona barabarani kwa muuzaji nisiyemjua, kwa sababu jamii yake ina ndugu wanaoua.

Ngoja nisimulie. Januari nilitoka Likasi, nikanunua kikapu cha uyoga kando ya barabara, nikampelekea mama anipikie. Aliumwaga wote juu ya mkeka. Alishika mmoja mmoja, akageuza, akatazama shina mpaka chini kwenye kile kikombe kinachofanana na ganda la yai, akanusa, akaweka kulia au kushoto. Alipomaliza, vitatu vilikuwa peke yao. Nilimuuliza kama vina sumu. «Sijui, Madamu. Ndiyo maana havipikwi.» Akavitupa motoni. Nimesoma biolojia chuo kikuu na nimefundisha miaka kumi na moja, na jibu hilo nimeliandika ubaoni darasani kwangu. Usalama wa uyoga wa porini hauna kipimo cha jikoni: kuchemsha hakuondoi sumu ya aina zile zinazoua, wala kijiko cha fedha hakibadiliki rangi kukuonya. Kinga ni kujua kila mmoja kwa sura yake, na kuacha usioujua.

Wanafunzi walimuuliza kwa nini asioteshe ule wa manjano nyuma ya banda, kama watu wanavyootesha uyoga mwingine kwenye mifuko ya maganda. Alinigeukia mimi. Uyoga ule hauishi peke yake. Nyuzi zake hufunika ncha za mizizi ya miombo kama soksi inavyofunika mguu. Mti huupa sukari, nao huuletea mti maji na fosforasi kutoka pembe za udongo ambazo mzizi haufiki. Kata mti, na nyuzi zitakufa njaa chini kwa chini. Msimu unaofuata mvua itanyesha, udongo utakuwa uleule, na uyoga hautatoka. Nilipomaliza kueleza, kijana mmoja alisema kwamba nyuma ya kwao, Ruashi, nkambo wake, yaani bibi yake, alikuwa akichuma uyoga, na sasa hakuna hata mmoja. Alikuwa akidhani watu wameumaliza kwa kuula.

Kuna na ule mkubwa wa kichuguu. Mwaka huu niliukuta mara moja tu, na kofia yake ilifunika meza ya watu wanne ikazidi ukingoni. Aina hii, ambayo kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja, ndiyo uyoga mkubwa kuliko yote inayoliwa duniani, na kwao ni huku kwetu Katanga na kwa jirani zetu Wazambia. Wanaoulima ni mchwa wenyewe. Hubeba nyasi kavu na vipande vya mti, huvitafuna, hujenga navyo sega chini ya kichuguu, na juu ya sega hukuza nyuzi za uyoga zinazolainisha kile ambacho tumbo la mchwa haliwezi kukisaga. Mvua zikija, uyoga hutoa shina refu kutoka kwenye shamba hilo la gizani mpaka juu. Mama huukata vipande kama nyama ya ng'ombe na kuuchoma kwenye mbabula, chumvi tu. Kama una bahati ya kuukuta, usiulize bei, kaa chini ule.

Mchwa haohao wakiota mabawa ndio inswa, ambao wenzetu wa pwani huwaita kumbikumbi. Anawakaanga bila mafuta, kwa sababu mafuta wanayo wenyewe, kisha anapeta mabawa kwenye ungo. Ni watamu, ila anatia chumvi kupita kiasi. Nimemwambia mara mbili. Nilipokuwa nao mkononi niliwauliza wanafunzi nani nyumba yao imejengwa kwa matofali ya udongo wa kichuguu. Mikono mingi ikapanda. Nikawaeleza kwamba wanasayansi walipima kwa kaboni umri wa vichuguu vikubwa vya eneo hili la Lubumbashi, na kimoja kilichokwisha kuhamwa na mchwa kilikutwa kimepita miaka 2000. Kilima hicho kilikuwepo kabla ya jiji na kabla ya mgodi wa kwanza, na fundi wa matofali anakimaliza kwa msimu mmoja. Walikaa kimya kidogo, kisha wakaanza kuulizana ni kichuguu kipi cha mtaani kwao bado kimesimama. Kazi ya nyumbani niliyowapa ilikuwa kukipima urefu kwa kamba na kuandika miti inayoota juu yake. Sijapata kuona kazi ya nyumbani ikirudi imejaa hivyo.

Munkoyo ya mama, kinywaji cha uji wa mahindi, ni nzuri kuliko ya maduka yote niliyoonja, kwa kuwa haitii sukari. Utamu unatoka kwenye mizizi. Uji wa mahindi ukishapoa kiasi cha kuuvumilia kidole, huingiza mizizi ya munkoyo iliyopondwa ikawa nyuzinyuzi, na katika saa chache uji mzito unageuka maji mbele ya macho yako. Ndani ya mizizi ile mna kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari, kazi ileile inayofanywa na mate yetu tunapotafuna. Ukiitia mizizi uji ukichemka, kimeng'enya kinaungua, na uji unabaki uji. Baada ya hapo bakteria na hamira ya asili hufanya kazi usiku kucha, na asubuhi kuna uchachu mwembamba unaokata kiu. Ya siku ya kwanza wape watoto. Ya siku ya tatu ni ya watu wazima.

Sasa chikanda. Hapa mimi na mama hatujakubaliana, na sitaficha. Kila Ijumaa anatoa sufuria la chikanda, mkate ule wa kahawia unaokatwa vipande, uliopikwa kwa viazi vya porini vilivyotwangwa, karanga, pilipili na maji ya majivu. Nkambo wangu aliupika, na harufu yake inanirudisha uani kwake mara moja. Mama anaupika vizuri sana. Hata hivyo siuagizi tena. Viazi vile ni vya okidi za ardhini, mimea ya maua. Kila mmea una viazi viwili: cha mwaka jana, kilichonywea, ndicho kinacholisha shina la sasa, kipya, kigumu, ni akiba ya mwakani. Mchimbaji anataka kile kigumu, na akikitoa, mmea umekwisha. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina chakula ndani, na haziwezi kuota mpaka zikutane na uyoga unaofaa udongoni. Zambia walichimba mpaka mabonde yao yakapungukiwa, wafanyabiashara wakaanza kuvuka mpaka kuja huku kwetu na kwenda Tanzania. Huko Tanzania uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa maua yake, okidi zikiwemo, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Nilimweleza mama haya yote, tukiwa wawili, banda likiwa tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho. «Madamu, nikiacha mimi, wa ng'ambo ya barabara atauza. Na watu wa Ijumaa wanafuata chikanda.» Kisha akaleta mfuko wa viazi, akavimwaga. Vilikuwa vidogo kama maharage makubwa. Zamani ishirini vilijaza kopo, alisema, na sasa anahesabu mpaka arobaini. Aliyasema hayo mwenyewe, kwa sauti ya chini, huku akivirudisha mfukoni. Ijumaa iliyofuata sufuria lilikuwepo. Namheshimu na nitaendelea kula kwake, na nitaendelea kumwomba aliondoe.

Nyama ya pori hapiki. Nilishuhudia mteja mmoja mwenye gari zuri akimuuliza tumbili, naye akamjibu kwamba kuna mbuzi. Niliwapeleka wanafunzi pia kwenye bustani ya wanyama ya jiji kuwaona sokwe wa J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa mwaka 2006 kuwatunza sokwe walionyang'anywa wauzaji haramu, na baada ya kutazama macho ya mtoto wa sokwe hakuna aliyehitaji hotuba juu ya nyama hiyo. Ziara hizo mbili zinafaa kufuatana: sokwe asubuhi, banda mchana.

Swali gumu lilitoka kwa mvulana mkimya kuliko wote. «Mama, makala haya yanatoka wapi?» Makala ndiyo makaa ya kupikia, na mbabula nne zilikuwa zinawaka mbele yetu. Mama alijibu bila kuzunguka: yanatoka kwenye miti ileile ya vinkubala. Umeme unakatika, gesi ni ghali, na wateja wanataka chakula cha moto. Akawaonyesha anachofanya: mbabula mbili zimepakwa udongo ndani zisipoteze joto, kila sufuria ina kifuniko, vinkubala na maharage hulala majini usiku ili yapikwe muda mfupi. Gunia lililokuwa likiisha kwa siku tatu sasa linafika siku tano. Mvulana aliandika namba hizo daftarini. Nilimpenda mama zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa sahani yoyote.

Bei: sahani ya vinkubala na bukari ni franka 7000, uyoga 6000, kikombe cha munkoyo 1000, hupunguza kwa wanafunzi wakija kundi. Hufungua saa tano asubuhi na saa tisa sufuria huwa tupu. Jumapili hafungui. Choo kipo lakini hakina mlango wa kufunga kwa ndani, na kwa kundi la wasichana hilo ni tatizo la kweli. Nimemwambia, ameahidi fundi. Mvua kubwa ikinyesha, kaa meza za upande wa mwembe, upande mwingine bati linavuja. Ukitaka kupeleka na chakula nyumbani, beba bakuli lako, kwa kuwa mifuko ya plastiki haitoi.

Ukienda na watoto, mpitie siku moja kabla umwambie idadi yao, ili atenge kinkubala kikavu kwa kila mmoja.